Alama kwenye Mwimo wa Mlango

Miaka thelathini na moja niliinamia tanuri,
kiuno ukingoni, kichwa ndani, visigino hewani,
na kwa mkono huu wa kulia nikabandika mkate
kwenye ukuta wa udongo unaohema moto.
Mtaa wetu mzima, hapa Kutaisi, ulikula begani mwangu
na hapana aliyejua. Hata mimi.

Asubuhi moja ya Februari
donge lilinitoka kiganjani, likaangukia makaa.
Watu huniuliza kama nilisikia mlio.
Nilisikia harufu ya unga unaoungua,
na mkono ukagoma kupanda
kama punda aliyeona daraja.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga:
kano imechanika, haijakatika yote.
"Mshono umeachia," akasema, "nguo ingalipo.
Kisu tukiweke akiba. Nenda kwa Tsisana."

Tsisana ana kucha fupi, viganja baridi,
na maneno ya kubembeleza hayamo dukani mwake.
Aliniinamisha mezani, mkono ukining'inia.
"Uache uyumbe. Usiuyumbishe."
Mimi! Mkanda magunia!
Wiki mbili nilijifunza kuacha,
na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Nyumbani, Lamara wa ghorofa ya juu
alinichana nywele, akinifunga vifungo vya mgongoni,
huku akinihesabia magonjwa ya jengo zima.
Usiku nililala nimeketi
kama abiria aliyepitwa na kituo chake.

Kisha: "Sasa ukuta," akasema Tsisana.
"Vidole vitambae juu, kama buibui.
Maumivu yakibisha hodi, tulia hapo.
Yakivunja mlango, shuka."

Kwangu kuta zote zimejaa makabati.
Umebaki mwimo wa mlango wa jikoni,
ule ule ambao kwa penseli nilimpimia Zaza
kila siku yake ya kuzaliwa, visigino vimegusa mbao,
naye akijinyoosha shingo kwa hila.

Siku ya kwanza nilimfikia Zaza wa miaka minne,
aliyeungua ulimi kwa kutosubiri mkate upoe.
Siku ya kumi, Zaza wa miaka sita. Pengo la meno.
Halafu tisa.
Tisa ni usawa wa bega langu,
na hapo nikakwama mwezi mzima.
"Hapo ndipo wengi hukwama," alisema Tsisana,
akanifungia ukanda wa mpira wa njano kitasani:
taulo kwapani, kiwiko ubavuni, vuta, rudisha polepole,
kurudisha ndiko kunakoponya.
Sikumwambia kwamba miaka tisa
ndio mwaka tuliomzika baba yake,
na kwamba alama ile niliichora mkono ukitetemeka,
imepinda, mtu anaweza kuiona hadi leo.

Gocha sasa ndiye anayeinamia tanuri.
Mikate yake imekaa upande upande kama kofia za walevi.
Mimi niko dirishani, narudisha chenji kwa kushoto,
namfokea.

Jana Zaza alipiga simu kutoka Polandi,
lori limeegeshwa, mvua inagonga kioo.
"Umefika wapi, Mama?"
"Kumi na mbili. Ulipovunja dirisha la shule."
"Halikuwa mimi!" Akacheka, kisha akanyamaza.
"Ukifika kumi na nane, nijulishe."

Kumi na nane ndiyo alama ya mwisho.
Iko juu ya kichwa changu, penseli nzito,
begi lake lilikuwa tayari limesimama kizingitini.
Tsisana anasema labda kabla ya mavuno ya zabibu.
Namwambia sina haraka,
naye anadhani nasema habari za bega.

Leo amenipa mpira wa kijani, mgumu zaidi.
Taulo kwapani.
Kumi. Pumzika.
Kumi.